Mashine ya Gemu Ihamie Linux? Mjomba na Mpwa Wabishana

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Hakuna kompyuta iliyozimika siku hiyo. Kilichokoma ni masasisho ya bure ya usalama. Windows 11 nayo, tangu itoke Oktoba 2021, inachagua wa kumpokea: inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Pita Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, utakuta kompyuta za mtumba zilizotoka maofisini Ulaya, nyingi zikiwa i5 za kizazi cha nne au cha sita. Hizo hazipokelewi. Na ndizo vijana wanazonunua, wakazichomeka kadi ya grafiki, zikawa mashine za gemu.

Wazungumzaji wa mjadala huu nimewabuni. Mashine wanayoigombea sikuibuni, maana iko kwenye sebule nyingi: i5-6500, RAM ya GB 16, kadi ya GTX 1060. Mjomba ni fundi wa kompyuta, anataka ihamie Linux. Mpwa ndiye mchezaji, hataki. Watu wengi wangedhani kijana ndiye angeshabikia jambo jipya, lakini kijana ana marafiki wanaomsubiri mtandaoni kila jioni. Mjomba hana.

MPWA: Shikamoo, Mjomba.

MJOMBA: Marahaba. Ile flashi niliyokuagiza iko wapi?

MPWA: Iko hapa, ila sijakubali bado. Unataka kufuta Windows ambayo inafanya kazi. Jana tu nimecheza.

MJOMBA: Inafanya kazi leo. Kuanzia sasa, tundu likigunduliwa kwenye Windows 10, watakaozibiwa ni waliojiandikisha kwenye huduma ya nyongeza, na yenyewe inaishia 13 Oktoba 2026. Sisi tusio Ulaya tunailipia dola 30, au tunatumia pointi zao za zawadi, au tunakubali mipangilio yetu ihifadhiwe kwao kupitia akaunti ya Microsoft. Na hiyo ni kwa mwenye Windows halali. Yako ni halali?

MPWA: Mjomba, si wewe uliyeipiga?

MJOMBA: Ndiyo maana nauliza! Nimepiga Windows za kuchakachua miaka mingi, najua nilichokuwa naweka. Ile programu ndogo ya kuamsha leseni, kitu cha kwanza inachokutaka ni uzime kinga ya virusi. Ukishazima, umemfungulia mtu usiyemjua. Na kompyuta hiyo hiyo ndiyo mama yako anayoingilia kwenye mtandao wa kodi wa TRA.

MPWA: Basi tupige Windows 11. Kuna fundi ana flashi inayoruka ukaguzi wa TPM na prosesa. Rafiki yangu kawekewa, inakwenda vizuri tu.

MJOMBA: Inakwenda, sikatai. Ukiwa na programu ya Rufus unaitengeneza flashi hiyo kwa kuweka alama ya vema kwenye kisanduku. Ila Microsoft wenyewe wamesema mashine isiyotimiza masharti haina haki ya kudai masasisho. Leo yanakuja, kesho hujui. Mimi siwezi kumpa mteja kitu cha namna hiyo nikamwambia alale usingizi.

MPWA: Haya, na Linux je? Si ni ya seva, na ya watu wa kuandika amri kwenye skrini nyeusi? Gemu zimetengenezewa Windows.

MJOMBA: Ungesema hivyo mwaka 2013 ningenyamaza. Mwaka 2012 Gabe Newell, bwana mkubwa wa Valve, wenye duka la gemu la Steam, alisema hadharani kwamba Windows 8 ni balaa kwa wote waliomo kwenye biashara ya kompyuta. Microsoft ilikuwa inafungua duka lake ndani ya Windows, na Newell duka lake yeye lilikuwa limepanga kwenye nyumba ya Microsoft. Mwaka uliofuata Steam ikaja Linux. Mwaka 2015 zikaja kompyuta za gemu zilizoitwa Steam Machine, hazikununuliwa, kwa sababu gemu zenyewe zilikuwa chache. Mambo yaligeuka Agosti 2018 walipoitoa Proton.

MPWA: Proton ndiyo nini?

MJOMBA: Gemu ya Windows ikiwaka haiongei na vyuma moja kwa moja. Inaomba: nifungulie dirisha, nisomee faili hili, nichoree pembetatu hizi. Windows ndiyo inayojibu. Kwenye Linux maombi hayo yanapokelewa na Wine, mradi ulioanza 1993, ambao watu wake wameyaandika majibu yote upya bila kuchukua msimbo wa Microsoft. Maombi ya kuchora, yale ya Direct3D, yanageuzwa na programu kama DXVK kuwa lugha ya Vulkan, na kadi yako Vulkan inaielewa. Prosesa yako haiigizwi, inatekeleza gemu ile ile kama ilivyo. Valve walichukua Wine, DXVK na vitu vingine, wakavifunga pamoja, wakaviita Proton. Wewe kazi yako ni kubonyeza Play. Ile Steam Deck iliyotoka Februari 2022 haina Windows, ni Linux na Proton, na watu wanaichezea Elden Ring ndani ya daladala.

Hapo kwenye daladala Mjomba amenogewa, lakini yaliyobaki ni kweli. Oktoba 2025, mwezi ule ule Windows 10 ilipoachwa, takwimu za Steam zilionyesha watumiaji wa Linux wamevuka asilimia 3 kwa mara ya kwanza. Ni wachache bado. Ila kwa miaka mingi walikuwa wanahangaika kufika hata asilimia 1.

MPWA: Na kasi? Hii ni GTX 1060, si mashine ya tajiri.

MJOMBA: Gemu nyingi utaona zinakwenda sawa au zinapungua kidogo, chache zinakwenda vizuri zaidi. Kwa kadi za Nvidia, gemu za DirectX 12 ndizo zinazopoteza zaidi. Sitakudanganya.

MPWA: Nimesoma pia kwamba draiva za Nvidia za mfululizo wa 580 ndizo za mwisho kuibeba kadi yangu.

MJOMBA: Umesoma sawasawa, na kwenye Windows ni hivyo hivyo: kadi za kizazi chako hazitapata tena draiva za gemu mpya, zitapata za usalama tu. Ukibaki, ukihama, Nvidia wamekuacha. Siku ukibadilisha kadi tafuta AMD. Draiva zake za Linux ni huria, zimo ndani ya mfumo wenyewe, na za kadi zake za zamani bado zinaboreshwa na watu ambao hata hawaajiriwi na AMD.

MPWA: Sawa. Niwekee FC 25 yangu ya mpira basi.

MJOMBA: ...

MPWA: Mbona kimya, Mjomba?

MJOMBA: FC haiwaki.

MPWA: Haiwaki au inasumbua?

MJOMBA: Haiwaki. EA, wenye gemu hiyo, wameweka programu yao ya kuzuia wanaochiti, inataka kuingia ndani kabisa kwenye kiini cha Windows. Kwenye Linux kiini hicho hakipo, kwa hiyo gemu inakataa kuanza.

MPWA: Valorant?

MJOMBA: Haiwaki.

MPWA: Fortnite?

MJOMBA: Haiwaki. Na nimalizie mwenyewe kabla hujaniumbua: League of Legends ilikuwa inachezeka mpaka 2024 walipoiwekea Vanguard, programu ya aina hiyo hiyo. Apex Legends ilikuwa inachezeka vizuri kabisa, wakaifunga 31 Oktoba 2024. GTA Online, Septemba mwaka huo huo. GTA V ya kucheza peke yako inakwenda, ya mtandaoni haikupokei.

MPWA: Kwa hiyo unaniletea mfumo huria wa kucheza peke yangu.

Sentensi hiyo ya kijana ndiyo kiini cha mjadala mzima, na mashabiki wengi wa Linux huipita mbio. Wao huhesabu gemu: maelfu zinawaka, mamia haziwaki, kwa hiyo tumeshinda. Hakuna mchezaji anayecheza maelfu ya gemu. Anacheza tatu, nne, na kama moja yake ndiyo inayomkutanisha na rafiki zake wa Temeke na Mbagala, basi hiyo moja ina uzito kuliko orodha yote.

MJOMBA: Lakini lawama uipeleke kwa mwenyewe. Septemba 2021 Easy Anti-Cheat na BattlEye, wale wawili wakubwa, walitangaza kwamba wako tayari kwa Proton. Mtengenezaji wa gemu akitaka, anaruhusu. Elden Ring wameruhusu, DayZ wameruhusu. Wengine hawataki tu.

MPWA: Hawataki, au wana sababu? Apex walisema Linux imekuwa njia ya wanaochiti. Na ukifikiri, Mjomba, wana hoja. Wewe mwenyewe huwa unasema Linux unaweza kuifungua mpaka kwenye kiini, ukabadilisha unachotaka, ukaijenga upya. Sasa mtu wa kuchiti akiibadilisha ili ile programu ya ukaguzi idanganywe, nani atajua? Uhuru unaousifu ndio huo huo anaoutumia yeye.

MJOMBA: Hapo umenibana. Ni kweli, mfumo ambao mwenye kompyuta ana amri yote juu yake, mtu wa nje hawezi kuuamini kwamba haujaguswa. Swali langu mimi ni hili: kwa nini huyo mtu wa nje awe na haki ya kuuamini? Programu zinazokaa kwenye kiini zinaona kila kitu. Ni mgeni anayesema haji kucheza bao kwako mpaka umpe ufunguo wa chumba cha kulala. Na si lazima awe na nia mbaya. Tarehe 19 Julai 2024 CrowdStrike, kampuni ya usalama yenye heshima zake, ilisambaza faili moja bovu. Programu yao ilikuwa inakaa huko huko kwenye kiini. Kompyuta za Windows kama milioni 8.5 zikaanguka, ndege zikabaki viwanjani.

MPWA: Mimi sina uwanja wa ndege, Mjomba. Nina timu.

MJOMBA: Timu yako yenyewe mashine hii haitaibeba muda mrefu. Battlefield 6 hata kwenye Windows haikubali bila Secure Boot. Call of Duty ya Black Ops 7 inadai TPM 2.0. Ukiweka Windows 11 yako ya kuruka ukaguzi, Valorant nayo itakuuliza TPM 2.0. Hao watu wanafunga milango kote, si kwa Linux tu.

MPWA: Inawezekana. Ila leo jioni FC 25 inawaka.

Kwenye raundi hii nampa kijana ushindi. Hoja ya Mjomba juu ya kiini ni nzuri, na ningependa wazazi wengi waisikie, lakini haijibu swali la nani atacheza na nani leo jioni. Nitaongeza jambo ambalo Mjomba hakulisema. Counter-Strike 2 na Dota 2 ni za Valve, zimetengenezwa kwa Linux moja kwa moja, na zote mbili ni za mtandaoni. Na PES ya PSP ambayo vijana wameiwekea jezi za Simba na Yanga huchezwa kwenye simu kwa PPSSPP, ambayo yenyewe ni programu huria na kwenye Linux inawaka bila ugomvi. Kijana huyu amekuwa akitumia programu huria kwenye simu yake muda wote, hajui tu.

MAMA: Mmemaliza? Maana mimi nimekaa jikoni nasikiliza watu wawili wanaligombea dubwasha langu.

MJOMBA: Lako, dada?

MAMA: Nani kalinunua? Kaka, mimi nina maswali mawili. La kwanza, hesabu za duka ziko Excel.

MJOMBA: Kuna LibreOffice, ya bure, inafungua faili za Excel. Tena programu hizi huria sisi si wageni nazo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye mradi wa KiLinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili kitupu.

MAMA: Hongera zao. Faili langu lina vile vitufe alivyoniwekea yule kijana, ukibonyeza linajumlisha mauzo ya wiki. Vitafanya kazi?

MJOMBA: Vitufe... hivyo ni makro. Vingine hufanya kazi, vingine hukataa. Mpaka tujaribu.

MAMA: La pili. Wewe Jumatatu unarudi Mwanza. Kitu hiki kikistaki Jumanne, nampelekea nani?

Mjomba hakujibu hilo papo hapo, na sidhani kama yuko mtu wa kulijibu kwa urahisi. Fundi wa mtaani ana dawa moja anayoiamini: kufuta na kupiga Windows upya. Umpelekee kompyuta yenye Linux, atakwambia ina virusi, arudishe Windows, na akutoze. Wanaoandika kuhusu Linux huko Ulaya hawaligusi jambo hili kwa sababu wao ni mafundi wa mashine zao wenyewe. Kwetu fundi ni sehemu ya kompyuta.

Kilichowasogeza ni SSD ya GB 480 iliyokuwa kwenye begi la Mjomba. Aliichomeka pembeni, diski ya Windows hakuigusa. Akapiga Linux Mint 22, ambayo itahudumiwa mpaka 2029. Kompyuta ikiwashwa unachagua unakotaka kwenda. Draiva ya Nvidia akaichukua kwenye kidirisha cha draiva cha Mint. Steam ikaingia.

MPWA: Red Dead Redemption 2 iko kwenye diski D. GB 150 hizo, sizishushi tena kwa bando la nani!

MJOMBA: Ielekeze Steam huko huko D, tuone.

MPWA: Imegoma. Inasema haiwezi kuandika kwenye diski.

MJOMBA: Umezimaje Windows?

MPWA: Nimezima kawaida. Shut down.

MJOMBA: Basi hukuizima. Windows ina kitu kinaitwa Fast Startup: ukibonyeza kuzima, inakihifadhi kiini chake kwenye diski kikiwa kimelala, ili kesho iwake haraka. Linux ikikuta diski imeachwa katika hali hiyo inaogopa kuiharibu, inaifungua kwa kusoma tu. Gemu nayo inataka kuandika. Rudi Windows, ingia Control Panel, mambo ya umeme, uizime hiyo Fast Startup. Halafu usichezee gemu humo D. Proton inatengeneza diski C yake ya bandia kwa kila gemu, na diski za mtindo wa Windows huwa haziendani nayo vizuri.

MPWA: Kwa hiyo nishushe upya?

MJOMBA: Hapana! Kwenye D, ndani ya folda ya steamapps, kuna folda ya common. Nakili Red Dead kutoka humo uipeleke kwenye common ya SSD. Kisha bonyeza Install kana kwamba unaanza. Steam itazikuta faili, itazikagua, na itashusha zilizopungua tu.

Hatua hiyo moja inaokoa bando la miezi, na kutoijua ndiko kunakowakatisha tamaa wengi wanaojaribu Linux mara ya kwanza: hushusha upya gemu nzima, au huona "haiwezi kuandika" wakahitimisha kwamba Linux ni mbovu. Mara ya kwanza gemu ilichelewa, ikionyesha kwamba inaandaa sheda za Vulkan. Kijana akaanza kuguna. Kisha kikaja kidirisha cha Rockstar, kisha farasi na theluji. GTX 1060 ndiyo kadi ambayo watengenezaji wenyewe waliipendekeza kwa gemu hiyo, na chini ya Linux ilijimudu.

MPWA: Inakwenda. Siwezi kusema haiendi.

MJOMBA: Umekubali?

MPWA: Nimekubali hii ya kucheza peke yangu. Mpira unabaki Windows. Ila Mjomba, benki na TRA za Mama ziingiliwe upande huu wa Linux, kule kwenye Windows ya kuchakachua asiguse tena.

MAMA: Na faili langu la duka?

MPWA: Nitakufundisha LibreOffice, Mama. Vitufe vikikataa nitaviandika upya.

Wazo la kumhamisha mama badala ya kuzihamisha gemu lilitoka kwa kijana, na naliona bora kuliko yote yaliyosemwa sebuleni. Anayehitaji usalama ahamie kwenye usalama. Anayehitaji timu abaki iliko timu, akijua anakaa kwenye mfumo ambao hauzibwi matundu. Kwa mwenye mashine ya kizazi cha sita inayocheza Red Dead, Witcher, Cyberpunk kwa kiasi chake, Counter-Strike, Euro Truck, hukumu yangu ni ahame kabisa wala asitazame nyuma. Mwenye jioni zake za FC, Valorant au Fortnite asidanganywe na mtu yeyote: Linux haimfai mpaka wenye gemu hizo wabadili msimamo, na Proton iwe nzuri kiasi gani haiwezi kuwabadilishia. Kabla ya kufuta chochote, andika kwenye karatasi majina ya gemu unazocheza kweli, ukaangalie moja moja kwenye tovuti ya ProtonDB wachezaji wengine wanasemaje.

Na nyie mafundi wa Kariakoo na Luthuli, swali la Mama bado liko mezani. Mnajua kupiga Windows kwa macho yaliyofumbwa. Chukueni flashi moja, wikiendi moja, mjifunze kupiga Mint na kuweka draiva ya Nvidia. Mashine zisizopokelewa na Windows 11 ziko madukani kwenu, na wateja wataanza kuzirudisha.